Eda ya Mama na Ndege wa Jipe

Uvumi ulioenea mtaani kwetu Voi ulikuwa huu: kwamba mama yangu, mjane aliye kwenye eda, anakaa dirishani akiwachungulia madereva wa malori kwa darubini. Niliusikia kwa mara ya kwanza kwa muuza mboga. Aliniuliza huku akinichagulia nyanya, "Mamako macho yake bado mazima, eeh?" Nikajibu kwamba ni mazima, alhamdulillahi, nikidhani ananijulia hali. Nilifika nyumbani na nyanya zangu kabla sijaelewa kwamba nilikuwa nimetoa ushahidi dhidi ya mama yangu mzazi.

Basi nieleze ilivyokuwa, maana uvumi wenyewe haukuwa uongo mtupu. Mama alikuwa kwenye eda, kweli. Darubini ilikuwepo, tena ilikuwa yangu. Na malori yalikuwepo, kwa sababu nyumba yetu inatazamana na uwanja ambapo madereva wa barabara ya Mombasa hulaza magari yao. Kitu ambacho watu walisahau kukitia kwenye hadithi yao ni ndege.

Baba alifariki katikati ya kiangazi. Alikuwa mstaafu wa reli, mtu mpole, mwenye kucheka kwa mabega tu bila sauti. Kwetu mume akifa, mke hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hatoki nyumbani ila kwa dharura, hajipambi, hajitii manukato. Shangazi yangu, dada yake baba, alikuja kutoka Mombasa kukaa na wifi yake, kwa sababu mjane haachwi peke yake, na kwa sababu shangazi haamini kwamba jambo lolote la dini linaweza kufanyika sawasawa bila yeye kulisimamia.

Eda haikunitisha. Nimeona wanawake wengi wa ukoo wetu wakiikaa na kutoka. Kilichonitisha ni mama mwenyewe. Ukimuuliza leo tupike wali au ugali, anasema, "Sawa." Ukimwambia chai imepoa, nikupashie moto? "Sawa." Akiachiwa kikombe mkononi anakishika mpaka mtu amwambie anywe. Hakulia sana, hakulalamika, hakukataa kitu. Alikuwa amegeuka mtu asiyetaka chochote, na mimi sikuwahi kujua kwamba kutotaka chochote kunaweza kumtisha mtu kuliko kilio.

Kaka yangu mkubwa alipiga simu kutoka Mombasa. Akasema mama akitoka eda tu atakuja kumchukua, akaishi naye kwenye ghorofa yake, na hii nyumba ya Voi tuipangishe. Mama akajibu, "Sawa," kwa sauti ile ile aliyoitikia wali. Kaka akafurahi kwamba mambo yamekwisha bila ubishi. Mimi niliingia jikoni nikabamiza sufuria. Sikuwa na ugomvi na Mombasa. Mama angesema anataka kwenda, ningemfungia mizigo kwa mikono yangu. Lakini niliogopa kwamba tukimng'oa akiwa katika hali ile, hatashika mizizi tena popote, atakaa kwenye kiti cha kaka akisema sawa mpaka siku yake ifike. Nilitaka kusikia kinywani mwake jambo moja analolitaka, hata liwe dogo namna gani, kabla gari halijaja kumchukua.

Aliyewaleta ndege si mimi. Ni shangazi, ingawa hadi leo atakataa. Alisema kumnywesha kiumbe hai ni sadaka, na thawabu zake humfikia marehemu. Akaniamuru niweke beseni la maji chini ya mwarobaini uani, na konzi ya mtama kando yake, kwa niaba ya baba. Sasa, Voi maji ya bomba huja yanapojisikia. Siku nyingi tunanunua kwa mtu wa mkokoteni. Nikasema, "Shangazi, maji ya kuogea binadamu hayatoshi, tunawapa kunguru?"

"Si ya kunguru," akasema. "Ni ya babako."

Nikaweka beseni.

Kiangazi kilikuwa kimebana kwelikweli. Vumbi jekundu lilikuwa juu ya kila kitu, hata ndani ya sukari. Sagalla, mlima unaoonekana nyuma ya mji, ulikuwa umebaki rangi ya mfupa. Na ukivuka reli na barabara hufiki mbali kabla hujaingia Tsavo, ambako visima vya wanyama vilikuwa vimekauka na kila chenye mabawa kilikuwa kinatafuta maji. Kwanza walikuja shomoro na tetere, wageni wa kawaida. Halafu wakaja wanana wa manjano, kundi zima likigombana kama watu kwenye foleni ya maji. Halafu kwezi, wale wa mgongo wa buluu inayong'aa na tumbo la rangi ya chungwa, wanaokanyaga ardhi kwa majivuno kana kwamba uwanja ni wao na wewe umepanga. Siku moja nikatoka na ndoo nikakuta hondohondo, mwenye mdomo mwekundu mrefu kuliko akili, amesimama ukingoni mwa beseni ananiangalia kwa jicho moja. Nilisimama pale na ndoo yangu sipumui.

Lazima niseme kwamba nilikuwa nimekwisha kuwa mgonjwa wa ndege kabla ya hapo. Aliyeniambukiza ni rafiki yangu mmoja wa Mghange, muuguzi, mlokole asiyekosa kanisa Jumapili. Miaka kadhaa iliyopita alinipandisha kwao milimani asubuhi ya ukungu, tukaingia kwenye kipande cha msitu kidogo hata ukikohoa upande huu unasikika upande wa pili, akanionyesha kindege cha kijivu, cha kuenea kiganjani, kinarukaruka kwenye vichaka. Akaninong'oneza, "Huyu, dunia yote, anapatikana hapa kwetu tu." Nilidhani anatia chumvi kama watu wanavyosifu kwao. Kumbe ni kweli. Hayuko Ulaya, hayuko Nairobi, hayuko hata Sagalla tunayoiona kwa macho. Nimezaliwa chini ya milima ile, nimeitazama kila siku ya maisha yangu nikianika nguo, na juu yake Mwenyezi Mungu alikuwa ameweka kitu ambacho hakukiweka mahali pengine popote. Tuliporudi mjini nilitafuta darubini kabla sijatafuta chakula.

Darubini hiyo ndiyo niliyoiweka kwenye dirisha la mama. Sikumwambia kitu. Niliisahau pale makusudi, kama mtu anavyosahau sahani ya halua mbele ya mgonjwa. Siku za kwanza hakuigusa. Halafu jioni moja nikaingia na kumkuta ameishika, ameielekeza uani, na ameishika kinyume, ndege wote wamekuwa wadogo na wako mbali. Nikaigeuza mkononi mwake. Aliangalia, akashtuka akarudi nyuma, halafu akaangalia tena. Tangu hapo, kila asubuhi baada ya swala alikuwa kwenye kiti cha dirishani.

Ikawa siku moja hondohondo wetu alichoka na beseni akavuka barabara. Akatua kwenye kioo cha pembeni cha lori moja, akajiona humo, akadhani ni mwanamume mwenzake. Vita vikaanza. Anapiga kioo kwa mdomo, anarudi nyuma, anachungulia nyuma ya kioo amtafute adui, hamwoni, anarudi mbele, adui huyo hapo. Mama alikuwa dirishani upande wa barabara anamfuata kwa darubini. Dereva alikuwa amelala ndani ya lori. Kelele zikamwamsha, akanyanyua kichwa, na kitu cha kwanza alichokiona ng'ambo ya barabara ni mwanamke aliyevaa nyeupe tupu, ametulia tuli, anamwangalia kwa darubini.

Sijui alidhani ni nini. Wengine walisema alidhani ni mtu wa serikali anayekagua mizigo. Wengine wakasema alidhani ni jini. Ninachojua ni kwamba aliondoka bila kumaliza usingizi wake, na kufikia adhuhuri mtaa mzima ulikuwa na habari zake. Kutoka kwa dereva zikaenda kwa mama chapati, kutoka kwa mama chapati kwa muuza mboga, na kutoka hapo, kwa njia zinazojijua zenyewe, zikafika Mombasa.

Kaka alipiga simu usiku huo huo. "Watu wasema mama yuwachungulia wanaume," alisema, kwa sauti ya mtu aliyekanyaga kitu. "Eda ikimalizika siku hiyo hiyo nataka awe tayari. Hapo Voi hapamfai."

Nikamwambia, "Anaangalia ndege."

"Ndege gani yuko ndani ya lori?"

Kumweleza kaka yangu habari ya hondohondo na kioo kulikuwa ni kumpigia mbuzi gitaa. Nikaizima simu.

Shangazi naye alikuwa amewaka moto. Asubuhi iliyofuata aliingia chumbani kwa mama, akanyanyua darubini kwa vidole viwili kama mtu anayetoa panya. "Wifi yangu, katika eda ya ndugu yangu! Hebu nione huo uchafu mnaouangalia." Akaiweka machoni, akaielekeza uani ili apate ushahidi. Kwenye beseni alikuwa ametua chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda, na jua la asubuhi lilikuwa limempiga kifuani. Kwa macho matupu ungeona kitu cheusi tu. Kwa darubini kifua chake ni kijani, halafu kinageuka zambarau, halafu kinawaka.

Tukangoja. Mdomo wake ukafunguka polepole.

"Subhanallah," akasema. Halafu akasema tena, kwa sauti ya chini, "Subhanallah. Na huyu huja kunywa maji ya ndugu yangu?"

Tangu siku hiyo darubini ilikuwa ya kugombaniwa. Shangazi alikwenda mwenyewe kwa muuza mboga, akanunua fungu la mchicha asilolihitaji, na nasikia alimwambia maneno yaliyonyausha mchicha wake. Uvumi ukafa. Lakini mpango wa kaka haukufa, na mama, kila tulipomtajia Mombasa, aliitikia neno lake lile lile.

Eda ikaisha. Wanawake wa mtaani wakaja, mama akaogeshwa, akavishwa nguo mpya, akafukizwa udi. Shangazi akapanda treni akarudi kwake, akiniachia amri kwamba beseni lisikauke. Kaka alikuwa aje Jumapili. Mizigo ya mama ilikuwa mitatu, imefungwa, imepangwa karibu na mlango. Niliifunga mimi, yeye akinipa kila nilichomwomba.

Rafiki yangu wa Mghange alikuja Ijumaa kumpa mkono. Aliiona ile mizigo, akaniangalia, akanivuta jikoni. "Kesho niko off," akasema. "Jipe imejaa hata kiangazi hiki, maji yake yanatoka Kilimanjaro. Tumpeleke mama akaone ndege wa maji kabla hajaenda."

Nikarudi sebuleni nikamuuliza mama kama angependa kuliona Ziwa Jipe. Unajua alichojibu.

Tuliondoka baada ya swala ya alfajiri, kwa gari la rafiki yangu, mama amekaa mbele. Tukapita Mwatate kulipokuwa kunapambazuka, tukapita Maktau, na hapo tembo walikuwa wamesimama karibu na barabara, wekundu kwa vumbi, wanaangalia magari kama wazee wanaokagua mahari. Mama aliwatazama wakipita dirishani mwake. Kabla ya Taveta tukakata kushoto, njia ya vumbi, katani pande zote mbili. Halafu katani ikaisha.

Nimekwenda Jipe mara nyingi, na bado kila mara inanipiga kifuani. Unatoka kwenye ukame ambao hata miiba yake imekonda, na mbele yako maji. Maji mengi, yametandazwa mpaka chini ya milima ya Upare upande wa Tanzania, milima iliyonyanyuka moja kwa moja kutoka ng'ambo ya ziwa, ya buluu. Ukigeuza shingo kulia, Kilimanjaro iko hapo, asubuhi ile ikiwa haina wingu hata moja, kubwa kiasi kwamba macho yanakataa mwanzoni. Na juu ya maji, kwenye matete, kwenye mafunjo, juu ya miti iliyokufa imesimama majini, ndege. Si ndege wa kuhesabu. Rafiki yangu, ambaye ameliona ziwa lile tangu utotoni, alizima gari na kusema, "Asante Yesu," na mimi nikasema yangu, na nadhani zilifika mahali pamoja.

Simu zetu zote mbili zikalia kwa pamoja, zikatukaribisha Tanzania. Mtandao wa ng'ambo hufika kabla ya wetu.

Mvuvi mmoja alikubali kutuzungusha kwa mtumbwi wake. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye miguu iliyokunjamana kwa maji, na upondo mrefu wa kusukumia. "Mama, wewe kaa hapa kati," alimwambia mama. "Usiogope. Hii mtumbwi ni nzito, haipinduki ovyo. Lakini tutarudi mapema. Upepo ya mchana hapa si mchezo."

Mama akakaa kati. Mvuvi akausukuma mtumbwi ndani ya njia nyembamba kwenye matete, matete yakafunga nyuma yetu, na dunia ikawa maji na sauti. Kiboko alikoroma mahali fulani kwa sauti ya mtu anayevuta meza nzito sakafuni. Mdiria, mweusi na mweupe, alisimama hewani juu yetu akipiga mabawa mahali pamoja, akaanguka majini kama jiwe, akatoka na samaki. Mnandi walikuwa kwenye mti mkavu wametanua mabawa yao wayakaushe. Mwari, wale ndege wenye mfuko mdomoni, walipita juu, wazito, wapole, wakipiga mabawa pamoja, na kivuli chao kikatupitia usoni mmoja mmoja. Yangeyange walinyanyuka wote mara moja mbele yetu, weupe juu ya ile buluu ya milima, na kelele za mabawa yao zilifika kifuani kabla ya masikio. Nilisikia machozi yananijia, na sikuyazuia. Sijui kwa nini mtu huambiwa azuie machozi ya aina hiyo.

Nilimwangalia mama. Mikono yake ilikuwa juu ya mapaja. Uso wake ulikuwa umetulia, na sikuweza kujua kama yupo.

Tukaingia kwenye ghuba ndogo iliyofunikwa yungiyungi. Majani yake makubwa yamelala juu ya maji, maua yamefunguka. Na juu ya majani alikuwa anatembea yule ndege ambaye vitabu humwita sile-maua. Ana rangi ya kahawia iliyoiva, kipaji cha uso cha buluu, na vidole virefu ajabu ambavyo humsambazia uzito wake, ndiyo maana anatembea juu ya majani hayo bila kuzama. Nilimpa mama darubini. Akaipokea.

Aliangalia muda mrefu. Halafu akasema, "Huyu ana miguu mingi."

Ilikuwa sentensi yake ya kwanza ya siku hiyo ambayo hakuulizwa. Nikaangalia. Kweli, chini ya mabawa ya ndege yule ilikuwa inaning'inia miguu mingine, mirefu, myembamba, inacheza hewani, miwili upande huu na miwili upande ule. Nilikuwa nimesoma habari hizo, lakini sikuwahi kuziona kwa macho yangu.

"Ni watoto, mama," nikasema. "Amewabana chini ya mabawa. Akiona hatari anawazoa namna hiyo anatembea nao."

Ndege akasimama. Akafungua mabawa kidogo, na vifaranga viwili vikadondoka juu ya jani, vidogo, miguu mitupu. Wa tatu alikuwa peke yake kwenye jani la mbali, analia. Rafiki yangu akainua kichwa. "Huyo ni baba yao," akasema kwa sauti ya chini. "Hawa ndege, dume ndiye hulalia mayai na kulea. Mama yao hayuko, ameenda zake."

Upondo ulidondosha maji. Mama hakuondoa darubini machoni.

"Hakwenda popote," akasema. "Yupo. Hajiwezi tu."

Mvuvi aliangalia mashariki, kwenye maji ya wazi, ambako mikunjo midogo ilikuwa imeanza. "Mama, upepo inaanza," akasema. "Turudi."

"Ngoja," akasema mama. "Yule wa mwisho hajaingia."

Mvuvi akauchomeka upondo matopeni, akaushikilia. Tukangoja. Na mama akaanza kusema, darubini bado iko machoni, kana kwamba anamsimulia yule ndege na sisi tumesikia kwa bahati.

"Nilipokuzaa wewe, nililala nikageukia ukuta. Mungu anisamehe, sikukutaka. Sikutaka chakula, sikutaka kuoga, sikutaka kuona mtu. Ukilia nasikia, lakini ni kama yuwalia mtoto nyumba ya jirani. Babako alikufunga kifuani kwa leso yangu, akenda nawe kazini. Mwanamume, kwa enzi zile, stesheni, mbele ya watu. Walimcheka. Mamake akasema, huyu mke ameharibika, mrudishe kwao Mombasa akaponee huko, uoe mwingine. Kila mtu alikuwa na pa kunipeleka."

Kifaranga wa tatu alikanyaga ukingo wa jani, likainama, akarudi nyuma.

"Yeye akasema, hapelekwi mtu. Tutamngoja hapa hapa. Hakunihimiza. Hakuniuliza nimepona. Yuwaja jioni, yuwakulaza kando yangu, kisha yuwakutoa. Mvua zikaja zikapita. Siku moja nikataka chai. Chai tu. Nikamwambia, nataka chai. Babako alikaa chini pale jikoni akalia."

Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wangu, na nilikuwa sijui hata chembe ya habari hiyo. Nilimkumbuka baba na kifua chake chembamba ndani ya shati la reli, nikajaribu kujiona humo, miguu yangu ikining'inia.

Ndege alirudi kule kwenye jani la mbali. Akachuchumaa. Kifaranga akajisukuma chini ya bawa, akapotea, ikabaki miguu tu. Akawarudia wale wawili, akawazoa nao, akasimama na miguu yake yote ile, akaondoka polepole kwenye yungiyungi kuelekea matete.

"Haya baba, twende," mama akamwambia mvuvi.

Upepo ulitukuta kwenye maji ya wazi, na mvuvi alifanya kazi. Mama alishika ukingo wa mtumbwi kwa mikono miwili. Maji yalimrukia usoni, akayafuta kwa ncha ya mtandio.

Tulipofika nchi kavu akaniomba simu. Pale ufukweni ilikuwa bado Tanzania, kwa hiyo tukapanda kilima kidogo nyuma ya mitumbwi, mimi nimemshika mkono, mpaka Kenya ikarudi. Nikampigia kaka, nikampa mama simu. Nilisikia sauti ya kaka, ina wasiwasi, ikiuliza kuna nini, na kama mizigo iko tayari.

"Usije kesho," mama akamwambia. "Nyumba isipangishwe. Sijasema sitakuja kwako, wala sijasema nitakuja. Nataka mningoje."

Kaka akasema kitu kirefu.

"Sijui mpaka lini," akasema mama. "Babako hakuuliza lini."

Nilikaa chini pale pale kwenye mawe, na rafiki yangu akaniwekea mkono begani. Nililia mpaka nikaona haya. Nilipoweza kuinua kichwa, mama alikuwa amekwisha kata simu na kushuka kilima peke yake, ameinua buibui lisiguse tope, na alikuwa anamuuliza mvuvi kama kesho pia atatoka asubuhi.